Mkeka Mpya wa Chuoni

Jumatatu, 3 Februari
Asubuhi skuli, alasiri chuoni kusoma Kurani. Skuli mafundi wamemaliza ngazi ya zege na mlango wa dharura. Pesa za serikali. Chuoni bado tunapanda ngazi ya mbao ya nyumba kongwe, na sakafu ya kona ya dirishani inabonyea. Wanaokaa pale ni wadogo. Nasra, mdogo wangu, yumo. Naogopa.

Nimemuuliza Maalim Haji mbona sisi hatutengenezewi. "Fungu la usalama ni la skuli, mwanangu. Sisi chuo."

Watoto ni wale wale. Tunabadilisha sare tu.

Jumanne, 4 Februari
Kesho anakuja afisa kukagua vyuo. Akiona hatari, huenda akatuombea fungu. Maalim kafurahi. Tumefagia, tumepaka chokaa juu ya ufa wa ukutani. Bi Mwanaisha, jirani wa chuo, kaleta mkeka mpya, kautandika pale pale kwenye kona. "Mgeni haonyeshwi aibu."

Kumependeza. Sasa ataona nini?

Jumatano, 5 Februari
Afisa mwenyewe ni mwanamke, Bi Salma. Kahawa, haluwa, kiti cha pekee karibu na mlango. Akatazama huku na huku. "Mashallah, Maalim, nyinyi hamna shida."

Maalim akacheka kidogo. "Alhamdulillahi."

Bi Salma akafunga kalamu. Nasra alikuwa juu ya ule mkeka, anachezesha miguu. Sijui nilisimamaje. Niliwatoa wadogo wote, nikaukunja mkeka.

"Bi, tafadhali. Kanyaga hapa."

Akakanyaga. Mbao ikalia, ikazama. Akaurudisha mguu upesi.

Kisha Bi Mwanaisha, birika la kahawa mkononi: "Mtoto huyu! Katuvua nguo mbele za watu!" Maalim hakunitazama kabisa. Nimelia njia nzima.

Alhamisi, 6 Februari
Leo chuo hakuna. Afadhali. Mama keshasikia. Hakunigombeza, hakunisifu.

Jumamosi, 8 Februari
Ngazi imefungwa kamba, amri ya Bi Salma. Tumesomea uani, juani. Wenzangu wananuna. "Haya, mkaguzi, tupe kivuli!" Nimemwamkia Maalim, kaitikia kwa mbali. Ikiwa hatutapata pahala, chuo kitavunjika, na itakuwa kwa sababu yangu.

Jumatatu, 17 Februari
Bi Salma amerudi. Fungu la vyuo bado halipo. Ameandika maombi, hakuahidi. Lakini amezungumza na mwalimu mkuu wa skuli yetu. Madarasa mawili ya chini yako matupu alasiri. Tuyatumie.

Tulihama leo leo. Wengine walibeba misahafu, wengine ubao. Maalim alisimama mbele yangu. "Wewe uliyeukunja, ubebe."

Nikauweka mkeka begani. Nasra akashika ncha ya nyuma. Bi Mwanaisha alikuwa barazani kwake, akatwambia tusiuburure.

Tumeutandika juu ya saruji. Nasra akaruka juu yake kwa miguu miwili, akasikiliza. Akaruka tena.

Kisha akakaa, akafungua juzuu yake.