Kikohozi cha Pili

Mheshimiwa Malafyale, mtawala wetu, Mchungaji, wazee wa kanisa na wazee wa ukoo, Mzee Jailos, jirani yangu wa siku zote, akina mama mliokaa upande wa migomba, nanyi vijana: ndaga, asanteni kwa kufika, na poleni kwa matope.

Mnanijua kwa hotuba. Nimefundisha shule hapa hadi nikastaafu, na makaburi mengi ya kijiji hiki yamesikia sauti yangu. Leo sina hotuba. Nina barua nilizoandikiana na mwanangu Isakwisa, ambaye yuko Iringa akijifunza kazi ya dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali ya misheni. Nakala za barua zangu ninazo, maana mwalimu haachi tabia ya kuandika mara mbili. Nitazisoma kama zilivyo, kisha nitawaambia nililoamua.

*

Rungwe, 6 Februari 1955

Mwanangu mpendwa Isakwisa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti la mama yako linamsumbua mvua zikizidi. Je, wewe hujambo? Kifua kimepona?

Nakuandikia kwa furaha juu ya mkeo. Tangu Tusekile ajifungue, heshima yake imenishangaza. Zamani nilipokohoa njiani nilisikia nyayo zake zikikimbilia migombani, kama impasavyo mkaza mwana. Siku hizi hata nyayo sizisikii, kwa kuwa hatoki. Wanawake wananiambia kwamba hata mama yako akimsemesha, humjibu kwa kuinamisha kichwa tu, amejifunika nguo hadi machoni. Jailos amesema mbele ya watu, "Mke wa Isakwisa ana heshima hadi kwa kuku." Tulicheka sana. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikamtaja kwa jina, awe mfano kwa binti zetu wote.

Umeoa vizuri.

Ni mimi baba yako,
Andendekisye

*

Iringa, 27 Februari 1955

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama. Kifua kimepona, baridi ya mlimani hapa ni kavu, si kama ya kwetu. Goti la mama alikande kwa maji ya moto.

Barua yako niliisoma bwenini kwa sauti, nami nilijisikia mrefu. Marcelino, mwenzangu wa Nyololo, alisema, "Hao kuku wenu waolewe na wao, wameshaheshimiwa vya kutosha." Lakini usiku wenzangu walipolala nilikumbuka kwamba Tusekile hajanitumia neno tangu Krismasi. Naomba mama amwulize kama mtoto ameota meno, na kama bado anamwimbia.

Wako mtiifu,
Mwanao Isakwisa

*

Swali la meno sikulipeleka kwa mama yake. Niliona ni swali dogo. Barua inayofuata ilinifikia mvua zikikaribia mwisho.

*

Iringa, 9 Mei 1955

Tata mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta katika uzima. Mimi mwili haujambo.

Juma hili daktari alitufundisha juu ya ugonjwa wa huzuni. Alisema si uvivu, si uchawi, wala si adhabu ya dhambi. Unaweza kumshika mtu yeyote, na mara nyingine humshika mama baada ya kujifungua. Mgonjwa halali, chakula hakimwingii, hataki kuonekana, maneno yanampungukia, na anaamini kwamba watu wangepumzika asipokuwapo. Niliandika kama wenzangu, hadi kalamu ikasimama. Tata, niliona anasimulia barua yako.

Nilimtafsiria barua ile. Nilipofika kwa kuku hakucheka. Aliuliza, "Nani anazungumza na huyu mama?" Nikamweleza kwamba kwetu mkaza mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, akisikia kikohozi chake hujificha, na kujificha huko ndiko heshima. Alisikiliza vizuri, hakudharau. Kisha akauliza, "Na huyu baba anayemsifu, mara ya mwisho alimwona lini?"

Nakusihi, dada yangu Ikupa ahamie kwake usiku. Amwulize kama analala, kama anakula, kama anatamani kufa. Daktari anasema kumwuliza mtu hivyo hakumwingizii wazo hilo. Humpa mahali pa kulitua. Kisha mniletee Tusekile Iringa.

Mwanao Isakwisa

*

Rungwe, 25 Mei 1955

Kwa Isakwisa,

Sisi tu wazima. Barua yako imefika.

Mimi nilimsifu mkeo mbele ya Mungu na mbele ya watu. Wewe unaniambia nilisifu maradhi. Unataka nisimame tena kanisani niseme nini? Wazimu haujapata kuingia katika nyumba hii, na hautaingizwa kwa barua. Umesoma miezi michache. Usitufunge sote bandeji kwa sababu umefundishwa kuikunja. Na huyo daktari, pamoja na elimu yake, hajui mwanamke wa kwetu anavyokaa.

Jambo hili tulifunge hapa.

Baba yako,
Andendekisye

*

Aliandika tena, na tena. Barua hizo nilizichukua posta Tukuyu nikazitia ndani ya Biblia yangu bila kuzijibu. Ikupa sikumwambia neno. Kila jioni nilipita karibu na nyumba ya Tusekile, na kila jioni kulikuwa kimya, nami nikaridhika nacho.

*

Rungwe, 3 Julai 1955

Isakwisa,

Leo sina salamu za kuandika.

Tusekile yu hai. Ikupa alimkuta mtoni Kiwira, maji yamefika kiunoni na bado anakwenda mbele, akamshika nguo akamvuta. Mtoto alikuwa amemwacha nyumbani amelala, amemfunika vizuri. Sasa wote wako kwa mama yako. Watakuja na basi la Jumanne, yeye, Ikupa na mtoto. Uwapokee.

Lipo jambo jingine, lakini haliendi kwenye karatasi.

Andendekisye

*

Iringa, 18 Septemba 1955

Tata mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mama amemwandikia Ikupa kwamba wewe huli vizuri. Tafadhali, ule.

Mke wangu Tusekile anaendelea vizuri kidogo kidogo. Mwanzoni alipewa dawa ya usingizi, akalala kama mtu aliyetembea nchi nzima. Baada ya hapo alikaa muda mrefu bila neno. Muuguzi mmoja, Apolonia, alikuja kila siku akaketi naye wakichambua maharage, hamlazimishi kusema. Siku moja Tusekile akamwambia, "Wewe unaacha mawe." Ndilo lilikuwa neno la kwanza. Apolonia anasema aliyaacha makusudi, lakini mimi nayajua maharage yake.

Zipo siku anarudi nyuma, asubuhi haamki. Daktari anasema tusiogope siku hizo, wala tusizifiche. Ikupa naye anafundishwa, maana hapa ndugu anayemleta mgonjwa hujifunza kumtunza: namna ya kuuliza, ya kusikiliza bila kuhubiri, na wakati gani wa kumrudisha hospitali. Juzi Tusekile alimwimbia mtoto. Sauti haikukaa sawa, nasi hatukujali.

Anaweza kurudi nyumbani, lakini kwa sharti: arudi mahali anaposemeshwa. Akirudi kwenye ukimya ule ule, Tata, safari hii tutakuwa tumempeleka mtoni sisi.

Na lile jambo lisilokwenda kwenye karatasi ni lipi?

Mwanao Isakwisa

*

Sikumjibu. Nilianza barua nyingi, zote zikaishia kwenye salamu. Aliyejibu swali lake ni mwingine, na barua hiyo nililetewa mkononi na Ikupa, aliyetangulia kurudi kutoka Iringa.

*

Iringa, 2 Novemba 1955

Baba,

Shikamoo. Sijui mkaza mwana huanzaje barua kwa baba mkwe. Mfano sijauona.

Mimi leo sijambo. Jana sikuwa hivyo. Mtoto ana meno manne na anauma.

Uliponitaja kanisani, mama mkwe alirudi akanisimulia kwa furaha. Nililia, naye akadhani nalia kwa kusifiwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia siku ile kwamba ninaumwa. Baada ya sifa zile sikuona ningeanzia wapi.

Siku ya mtoni nilikusikia. Ulikohoa. Sikukimbia. Nilisema moyoni: akiona sikimbii, atajua. Nikasubiri ukohoe tena. Kisha nikasikia viatu vyako vinarudi.

Sikuandikii ili kukulaumu. Ulifanya kama tulivyofundishwa sote. Nakuandikia kwa sababu nataka kurudi nyumbani, na ninaogopa.

Mkaza mwanao,
Tusekile

*

Wazee wangu, ndilo jambo lililonishinda kuandika. Nilimwona mtu amekaa ukingoni, miguu majini, amenipa mgongo. Nilijua ni yeye, kwa kuwa yeyote mwingine angegeuka kunisalimu. Nikakohoa. Hakuondoka. Nami nilikasirika, nikawaza: leo mkaza mwanangu wa mfano amesahau heshima. Nikageuza njia ili nisimwaibishe, nikajiona muungwana. Sikufika mbali nikapishana na Ikupa anashuka na mtungi. Nilimwitikia salamu. Sikumwambia nilichokiona.

Uliomwokoa Tusekile ni mtungi wa binti yangu, si busara yangu.

Tusekile alifika jana kwa basi, pamoja na mumewe. Yuko katika nyumba ya Ikupa, nyuma yenu, na mlango uko wazi. Kila neno amelisikia, kwa ridhaa yake. Haya ndiyo niliyoamua.

Mwiko baina yangu na Tusekile unafunguliwa leo, kabla ya jua kutua. Ng'ombe mnayemwona amefungwa pale ni wa Malafyale na wazee, kwa ajili hiyo. Sikuwaita mnishauri kama ufunguliwe; nimewaita mpokee kamba yake na muwe mashahidi. Mchungaji, Jumapili nipe nafasi pale pale nilipomsifu, niyaondoe maneno yangu mbele ya walioyasikia. Na kila ukoo uliopo hapa utamtoa mwanamke mmoja, kuanzia Jumamosi, aje kwa Ikupa afundishwe alichofundishwa yeye Iringa. Sitaki mnijibu kwamba mtafikiri. Nataka majina kabla hamjaondoka.

Mzee Jailos, rafiki yangu, uanze wewe. Mke wa mwanao mdogo amejifungua tangu Pasaka, na tangu hapo hatujamsikia. Juzi ulinisifia ukimya wake.

Sasa nitakwenda kwenye mlango ule, nitakohoa. Hatakimbia, tumekubaliana kwa barua. Nitamwuliza ugonile, salamu yetu ya kila asubuhi, ambayo tunaulizana sote kama tumelala, na ambayo katika nyumba yangu yeye peke yake hakuulizwa nami. Akijibu ndiyo au akijibu hapana, nawaomba mbaki mmekaa mumsikilize.

Malafyale, tafadhali pokea kamba.