Mia na Ishirini kwa Themanini

Jumatatu, 4 Machi

Wagonjwa sitini na watatu. Tabibu mmoja — mimi! Mkuu wa kituo kaenda semina tena, siku tano, na ufunguo wa stoo kaondoka nao. Kabla ya kuaga alitukumbusha: wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi, hataki kuona nafasi tupu kwenye kadi ya mtu yeyote. Nafasi tupu ndiyo inayomkosesha usingizi. Si wagonjwa.

Mama Pindo, fundi cherehani wa pale kona, kaja tena na kichwa chake. Mimba ya miezi minane. Mara ya tatu hii tangu katikati ya Februari. Kadi inasema presha 120/80, kama mara zote. Nikamwambia aache kutia uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, macho hayana spea. Akacheka. Miguu imevimba, lakini nani asingevimba, kutwa kucha yuko kwenye cherehani? Nikampa dawa ya maumivu, nikaita mwingine. Dakika tatu. Nilijiona hodari.

Jumatano, 6 Machi

Nimepitia koti langu jeupe kwa Mama Pindo. Upindo umekwenda kombo! Huyu jina lenyewe kalipata kwa sababu pindo zake zimenyooka. Aliona naukodolea macho, akaomba radhi. Anasema anaona vinyota vinyota. Tangu lini? Tangu siku ile nilipokwambia, daktari, ukasema ni uzi mweusi.

Kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni akishona kwa mkono kilikuwa mezani. Hakiingii tena, anasema. Vidole vimenenepa.

Nimemwambia aje kesho asubuhi, mapema, kabla ya foleni. Nimefika nyumbani, nawaza yeye tu. Ningemchukua pale pale. Kwa nini sikumchukua pale pale?

Alhamisi, 7 Machi

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Mama Pindo kafika saa moja na nusu. Kadi, kutoka meza ya vipimo: 120/80. Nikaikata kwa kalamu, nikasema hapana, leo nampima mwenyewe. Nikaenda mezani, nikamfunga ule mkanda wa presha mkononi, nikapuliza. Ssss. Mshale hata haukutikisika. Nikapuliza tena. Ssss! Mpira umepasuka, tundu la kupitisha kidole.

Nikamuuliza Dada wa Mezani, nesi anayepima watu mlangoni: hii imeharibika lini? Akainama. Januari. Aliripoti mara mbili, mkuu akamwambia avumilie, ila asiache nafasi tupu. Basi akawa anajaza. Nikafungua kadi za wote waliokuwa kwenye benchi. Mzee wa miaka themanini: 120/80. Binti wa shule: 120/80. Yule mwuza mkaa anayehema kama kapanda mlima: 120/80! Kituo kizima tuna presha moja, kama tumeshonewa sare.

Nikampigia kelele mbele ya watu. Akalia. Nikaendelea. Sasa naona haya, maana mimi nakaa hatua sita kutoka ile meza. Tangu Januari sijasikia mtu akipuliza kitu pale, na sikuuliza. Foleni ilikuwa inakwenda vizuri.

Nikakimbia nyumbani kuchukua mashine ya presha ya mama yangu. Mama: na mimi nipime na nini sasa, rula? Nikamwahidi nitairudisha jioni.

Mama Pindo: 168/112. Nikampumzisha robo saa. 170/110.

Kifafa cha mimba kinabisha hodi, na mimi nilimwambia uzi mweusi. Nikampa kidonge cha kushusha presha. Sindano ya kuzuia degedege iko stoo, stoo ina kufuli. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha fika, nikasema watamchoma huko hospitali. Nikaandika rufaa, nikabandika kadi yake kwa pini. Saa sita akaondoka. Nikashusha pumzi.

Ijumaa, 8 Machi

Wamemrudisha! Jana hiyo hiyo jioni!

Kaja asubuhi kashikwa mkono na mumewe, yule seremala mpole. Barua ya hospitali: presha walipompima 146/94 — bila shaka, kidonge changu kilikuwa kinafanya kazi — na vipimo vitatu vya nyuma ni vya kawaida kabisa. Apumzike nyumbani. Arudi kliniki yake wiki ijayo.

Kichwa kinapasuka, anasema. Na sasa anaumwa hapa, chini ya mbavu. 178/116.

Nikapiga simu hospitali. Sauti ya kijana, imechoka kama yangu. Ni yule wa jana? Kadi yake safi, daktari. Pengine mashine yenu ndiyo mbovu.

Sikujua nicheke au nilie. Nikasema ndiyo, mashine yetu ni mbovu. Hakunielewa, akakata.

Nikamwambia seremala nahitaji nyundo. Akaenda mbio, akarudi nayo. Kufuli la stoo liliondoka kwa pigo la pili. Nikamchoma sindano, tako hili na tako lile, akauma kanga asipige kelele. Dada wa Mezani alimshika mkono muda wote.

Kisha fomu ya rufaa. Nikaandika kwa herufi kubwa: VIPIMO VITATU VYA NYUMA HAVIKUPIMWA. VILIJAZWA TU. NILIVIAMINI. Nikatia sahihi. Nikampigia mkuu kumwarifu kuhusu kufuli na fomu. Kufuli hakulijali. Ukiandika hivyo umetumaliza sote, anasema, chana, andika nyingine. Dada wa Mezani alikuwa kasimama mlangoni, kasikia yote. Akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu.

Ijumaa hiyo hiyo, benchi nje ya wodi ya wazazi

Tumefika saa nane kasoro. Njiani 172/112. Hakupata degedege. Bado.

Daktari wa zamu ni mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Kafungua kadi: 120/80, 120/80, 120/80. Akanitazama kana kwamba mashine yetu ndiyo mbovu. Nikamwonyesha fomu. Akaisoma kasimama, akaisoma tena. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akapima mwenyewe, akaita watu kwa sauti, kitanda kikasukumwa mbio, mlango ukafungwa. Wanamtoa mtoto leo.

Dakika ishirini sasa. Mlango haujafunguliwa. Mashine ya mama iko mapajani kwangu.

Seremala kakaa kando yangu. Kanishukuru. Kwa sindano, kwa gari, kwa kuja naye. Ananiita mkombozi wao! Nimemwomba anyamaze, akadhani nina wasiwasi, akanipigapiga begani.

Sasa nesi kapita na fomu yangu, imekunjwa nusu, zile herufi kubwa nje nje. Seremala kaiona. Kasoma taratibu, midomo inacheza.

Anauliza, daktari, havikupimwa ni vipi? Zile mara tatu? Si alikuwa anakuja kwako?

Kauliza tena. Naandika ili nisiinue macho