Umeifunga Kampuni Tukiwa Kazini

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti lina nafuu na kwamba Mama bado anakulazimisha kulinyoosha kila asubuhi. Sisi huku dobini ni wazima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na leo nitasema, maana kunyamaza kumenishinda.

Ile hospitali kubwa ilikubali tuwafulie mashuka yote. Hata Mama Pasi, ambaye kumchekesha ni kazi, alicheka. Siku ya kutia saini mwanasheria wao akanisomea kifungu cha kwanza: kampuni yetu inathibitisha kwamba ipo kisheria na haina doa kwa msajili wa makampuni. Nikamwambia ipo, tena mashine zinanguruma hivi tunavyoongea. Akanigeuzia kompyuta nijionee. Kampuni ilikwishafutwa.

Nilikwenda kwa msajili nimefura, nikamgombeza karani wa watu bure. Akanieleza taratibu kwamba mwenye kampuni alifika mwenyewe, mzee mwenye fimbo, akatangaza kuwa kazi imekwisha na wafanyakazi hakuna.

Hakuna! Kwani mimi ni nani, Baba? Mama Pasi anayesimama kwenye mvuke mpaka miguu inavimba, yeye ni kivuli? Nilipokupigia simu ukanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, kampuni ilikuwa mimi. Nimepumzika, nayo imepumzika." Ukaongeza kwamba hukutaka nije kuliaibisha jina lako. Kumbe siku ile uliponikabidhi funguo na kunibariki mbele ya watu wote, ulikuwa umetoka kwa msajili. Imeniuma sana, na sikufichi.

Mwanasheria alinishauri nikuombe uandike kwamba ulikosea, ili kampuni irejeshwe. Sikuombi. Jana nilitia saini mkataba wa hospitali kwa jina la kampuni mpya niliyoisajili, na kile kifungu cha kwanza nilikisoma mwenyewe kwa sauti. Mashuka yanaanza kuja Jumatatu, na hakuna aliyepoteza kazi.

Sheria za hospitali zinataka wakurugenzi wawili. Wa pili ni Mama. Tafadhali usimgombeze. Siku ile alipokuaga kwamba anakwenda kumwona shangazi, alikuja kwetu kutia saini. Nilimuuliza kama haogopi utakavyosema. Akanijibu kwamba wakati unaanza kazi hii, wewe ulikuwa unapokea wateja mlangoni, na yeye ndiye aliyekuwa uani anafua.

Jitunze, Baba, na dawa usiziruke. Nisalimie mkurugenzi mwenzangu.

Ni mimi binti yako,
wa dobini