Betri za Mama Juani

Jumatano

Taifa na litangaziwe: redio ya Mama kule Ndithini imezima tena, licha ya betri za kuchaji nilizomchagulia mwenyewe, mtaalamu mimi.

Alinirudishia betri kwa bodaboda jana. Asubuhi nikazipeleka kwa Mutiso, mwenye duka hapa mjini, tunayeimba naye kwaya. Nilimwita mwizi mbele ya wateja. Akanibadilishia kwa mpya.

Mchana nikampelekea Mama hizo mpya. Akazipokea, akatoka nje, akazipanga juani juu ya bati la banda la kuku.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazichaji."

"Na chaja niliyokununulia?"

"Ile ya kukula stima? Iko kabatini. Kwani jua limekosa nini, mwana wakwa, mwanangu?"

Na kila nikipiga simu aliniapia, "Nazichaji kila siku." Mama aliyenizaa! Njiani nilirudi nikinung'unika kwamba nimesalitiwa.

Lakini ukweli ni huu. Jioni nilipita kwa Mutiso kumwomba msamaha. Aliniona, akainua mkono kunisalimia. Nikaweka simu sikioni, nikapita nikiongea kwa sauti kubwa.

Simu yenyewe ilikuwa imezima tangu mchana. Haikuwa na chaji.