Laptop Moja ya Watu Wawili

Kasulu,
Ijumaa, dukani hakuna mteja

Bukuru ndugu yangu,

Mwakeye. Mmeamkaje huko Mabamba? Goti la mama limepoa, au bado anapanda na kushuka lile bonde kana kwamba goti ni la mtu mwingine? Maharage yameshatoa maua? Mimi ni mzima. Ile homa ilikwisha, nakula vizuri, na uso umejaa hadi mama mdogo ananiita andazi mbele ya wateja.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Simu ni ya baba. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya baba husomwa na baba, kisha mama, kisha jirani aliyekuja kuomba chumvi, na haya ya leo nataka uyasome wewe peke yako. Nimempa dereva wa hiace anayeleta dagaa huko, na bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukikuta imebanduka uniambie. Simshuku dereva. Yaani namshuku kidogo tu.

Ni habari ya laptop.

Unakumbuka tulivyokubaliana tulipomaliza kidato cha nne, wewe ukabaki na shamba, mimi nikaja kwenye steshenari ya mama mdogo. Hela tuweke pamoja, tununue kompyuta moja ya wote wawili. Wewe upate gemu, ile ya mpira na ile ya magari, uwakusanye vijana wa senta walipe kidogo wacheze. Mimi nipate ya kuchorea na kutengeneza katuni zinazotembea, maana hapa kutwa napanga kadi za harusi kwenye kompyuta ya mama mdogo inayokoroma kama mlevi. Ukasema aliye mjini ndiye achague. Aliye mjini ni mimi, Bukuru. Umeweka kila kitu mikononi mwa mtu ambaye akirudishiwa chenji pungufu anasema asante.

Mama mdogo alinipeleka kwa Jofrey, kijana mwenye duka la simu na kompyuta za mtumba karibu na stendi. Wanaimba naye kwaya moja. Nikaanza kushuku papo hapo, kwa sababu njia nzima alikuwa akinisifia roho ya Jofrey, na hakutaja kompyuta hata mara moja. Nikajiuliza kama ana cha juu chake humo, Jofrey amkatie kitu nikinunua.

"Karibu, sista," Jofrey akasema, akifuta laptop ya bluu kwa kiwiko. "Huyu hapa mnyama. i7, RAM nane, imetoka Ulaya, ilikuwa ya daktari. Gemu zote inameza."

Kwa nini kila kompyuta ya mtumba ilikuwa ya daktari? Sijasikia hata moja iliyokuwa ya seremala. Stika ya i7 iling'aa mpya kabisa, na laptop yenyewe imechubuka pembe zote. Halafu waya wa chaji haukuchomolewa hata dakika moja. Alipoigeuza nione nyuma aliigeuza na waya wake, kama mtu anayekuonyesha ng'ombe ambaye akifunguliwa kamba ataanguka.

Nilitaka kumwambia achomoe. Nikaishia kusema rangi ni nzuri. Mama mdogo akanigusa bega. "Si umeshaona? Toa hela twende, duka nimelifunga."

Nikasema tumbo linaniuma. Tukaondoka.

Kesho yake alikuja fundi Espoir kutengeneza printa yetu. Ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huja mjini siku anazopata kibali, na printa zote za mtaa huu anazijua kama watoto wake. Alimsikia mama mdogo akinilaumu. Mama mdogo alipotoka akaniambia polepole, "Dada, ile mashini ya bule, usiikamate. Batri ilishakufa zamani." Bule kwake ni bluu.

Unajua niliwaza nini? Niliwaza huyu naye ana yake anataka kuniuzia. Wanavyowasema watu wa kambi huku umewahi kusikia, na mimi nimeyabeba bila kuyapima. Nikamwuliza, "Kwa hiyo wewe unayo nyingine?"

Akacheka. "Mimi? Mimi niko na bisibisi tu."

Niliona aibu, lakini sikuomba radhi. Hilo ni la kwanza ninaloungama. Yako mengine mbele.

Nikarudi kwa Jofrey peke yangu. Njia nzima nilikuwa najifundisha sentensi moja, kaka naomba uchomoe waya, kaka naomba uchomoe waya. Nilipofika, dukani kuna watu. Kuna bibi wa Heru Juu kakaa kwenye benchi anasubiri redio yake, na vijana wawili wanachagua kava za simu. Sentensi yangu ikapotea yote. Kilichonitoka ni hiki:

"Kaka Jofrey, naomba uonje wewe kwanza."

"Nionje nini?"

Laiti ungekuwepo. Bibi ndiye aliyenielewa. Akapiga kofi pajani, akacheka hadi mtandio ukamdondoka. "We kijana, kwenu hamnywi pombe? Mwenye nyumba hupiga funda la kwanza, mgeni anamwona. Mtoto anasema hicho kitu chako huenda kina sumu!"

"Sikusema sumu, bibi," nikasema.

"Umesema. Na umesema vizuri."

Wale vijana nao wakadakia. "Onja, kaka! Piga funda!"

Jofrey akachomoa waya, amenuna, akafungua gemu ya mpira. Feni likaanza kulia kama mashine ya kusaga. Wachezaji walikimbia kama wamevaa gambuti kwenye tope. Kipindi cha kwanza hakijaisha, kioo kikazima.

"Umeme wa Kasulu huu," Jofrey akasema.

"Umeme gani, nawe umechomoa?" bibi akauliza.

Duka zima likacheka. Alipochomeka tena na ikawaka, nilifungua mwenyewe ule ukurasa wa maelezo, kwa sababu kubofya hakuhitaji kusema. RAM nne. Wala haikuwa i7. Jofrey hakubisha. Aliinama chini ya meza akatoa laptop mbili, akasema hizo alikuwa akiwawekea watu wa ofisini. Bei ya zote mbili ni sawa, na hela yetu inafika kwa moja.

Sasa, Bukuru, soma taratibu.

Ya kwanza ni nyembamba, ya rangi ya fedha, na ina kalamu yake ya kuchorea moja kwa moja kwenye kioo. Na hicho kioo! Nilifungua picha ya shamba la migomba, ule ukijani nikauona hadi nikataka kupangusa umande. Ya pili ni nyeusi, nene, nzito kama tofali, chaji yake peke yake ni nusu tofali, na kibodi imeng'oka herufi moja. Kioo chake kimepauka. Nilimwomba fundi Espoir aje azikague, akaja mchana huo na bisibisi yake.

"Ya mwembamba ni ya kuchora," akasema. "Gemu itafungua, halafu itachoka, kama mutu anapanda mulima na gunia. Hii kubwa iko na kadi yake ya picha. Itacheza muzuri. Kuchora pia itachora, lakini rangi yake iko nadanganya kidogo."

"Kwa watu wawili?" nikauliza.

"Kwa watu wawili, hii kubwa. Kwa mutu moja, angalia ni mutu gani."

Alisema hivyo tu, akainama kufunga skrubu. Nikadhani amenisoma.

Nilimwomba Jofrey aniwekee ile nyembamba siku mbili. Nikarudi hapa nikakuandikia barua. Siyo hii. Katika ile nilikuambia kwamba Kasulu nzima nimezunguka, nikapata moja tu, nyembamba, nzuri, ila gemu inazimudu kidogo, tuvumilie. Niliandika hata kwamba nilisikitika kwa ajili yako. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Nilikuwa nimeshawaza kila swali utakaloniuliza na jibu lake. Ungeniuliza kama hakukuwa na nyingine yenye kadi. Ningesema ilikuwepo, ikanunuliwa asubuhi hiyo. Na ungeniamini, kwa sababu hujawahi kunihesabia kitu tangu tuzaliwe. Hata nyama mezani unanitangulizia mimi.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Mama mdogo akanikuta nayo, akauliza, "Bukuru amesema ipi?"

"Amesema nichague ninayoipenda mimi," nikajibu.

Lilinitoka hivyo hivyo, haraka, bila kugugumia, nikimwangalia usoni. Mimi! Mimi ambaye siwezi kumwambia mtu achomoe waya. Mama mdogo akasema, "Mtoto mzuri yule," akaenda kupanga madaftari. Nikabaki nimekaa. Wiki nzima nimewashuku Jofrey, na fundi wa watu, na mama mdogo anayenilisha, nimekagua stika na betri na hata gundi ya bahasha, na muda wote huo mwizi wa hela yako anakula andazi nyuma ya kaunta.

Ile barua niliichana. Nikaenda kwa Jofrey kabla hajafunga.

"Sista, si ulisema ile ya fedha?"

"Nimesema hii."

"Hii nzito! Wewe binti utaibebaje?"

"Si yangu peke yangu. Chomoa waya, kaka, uicheze hadi mechi iishe."

Bibi hakuwepo kunisaidia. Jofrey alinitazama, kisha akacheka, akavuta kiti. Alicheza vipindi vyote viwili na akafungwa mabao matatu. Betri ikabaki nusu. Nikatoa hela, na sikusema asante hadi nilipoona risiti.

Mama mdogo hakufurahi. Anasema nimechagua jiwe. Kama alikuwa na cha juu hadi leo sijui. Nilimwona Jofrey akimpa soda, na soda si ushahidi. Ila aliponiuliza sababu nilimweleza yote, hata lile la uongo. Akasema nikuandikie mwenyewe kabla hajakuambia yeye. Basi ndiyo hii.

Rangi kweli inadanganya. Jana nilichora ndizi, kwenye kioo zikawa za kijani kilichokauka, nikachapa kwenye printa zikatoka mbichi kabisa. Nitazoea kuchora kisicho sahihi ili kitoke sahihi. Nasikitika kidogo nikiikumbuka ile kalamu. Nakuambia ili usije ukanidhania mtakatifu. Nilipita pale stendi leo nikaiona kwenye kioo cha duka, nikavuka barabara.

Njoo uichukue wewe mwenyewe wiki hii au ijayo. Nikiituma kwa hiace nitamsumbua dereva kwa simu hadi aitupe mtoni. Ikae kwako msimu huu, vijana wacheze, nami nitaendelea na ya mama mdogo hadi uirudishe. Ukiamua tofauti, niambie, ila useme unavyotaka kweli. Usinitangulize.

Msalimie mama, mwambie kitenge alichoagiza nimekiona, nasubiri kulowesha pindo nione kama hakichuji. Baba mpe heshima zangu, na akikuuliza nimeandika nini mwambie ni habari za printa. Kadogo wetu anayeanza shule mpe pipi zilizo kwenye bahasha, ni tano. Zikiwa nne tunajua pa kuuliza. Na bibi jirani aliyetupokea tulipozaliwa, mshike mkono kwa niaba yangu.

Gemu yako ya mpira nimeshaiweka. Sijaicheza. Niliifungua hadi pale inapouliza jina la mchezaji, nikaandika Bukuru, nikazima.

Ni mimi, niliyekufuata kuzaliwa,
Butoyi