Usije Kumchukua Elia

Oldeani, Karatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Baba je, bado anagombana na mbuzi wa jirani? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mlima inatutafuna na sabuni imeadimika dukani, kwa hiyo ukisikia harufu kwenye karatasi hii unisamehe.

Barua yako nimeipata. Umesema ukimaliza kuvuna mtama unapanda basi kutoka Kiomboi kuja kumchukua mdogo wangu Elia, kabla watu wa shamba la kahawa hawajamcheka. Mama, usije. Soma kwanza.

Ni kweli mwanzo ulikuwa mbaya. Tangu atoke hospitali anachomwa sindano kila mwezi kwenye zahanati ya hapa. Zile sauti alizokuwa anazisikia zimenyamaza, lakini dawa imempa miguu isiyotulia. Naye alipewa kazi ya kushona magunia ghalani, kazi ya kukaa kutwa. Elia anashona kidogo, anainuka, anazunguka ghala, anarudi, anainuka tena. Mnyapara wetu, Bwana Tluway wa Mbulumbulu, ana sauti ya kuita ng'ombe walioko mlima wa pili. Akafoka mbele ya watu: "Wewe, umekuja kazini au umekuja matembezi? Kesho sikutaki hapa!"

Elia alirudi nyumbani akajifunika blanketi. "Dada, nirudishe kwa Mama," akaniambia. "Mimi ni wa kufungiwa ndani tu." Niliumia, Mama. Nililia mbele yake.

Asubuhi nilimfuata mganga wa zahanati, tukaenda wote kwa mnyapara. Mganga akamweleza, "Si kiburi, ni dawa. Kumkalisha huyu ni kumtesa." Bwana Tluway akakuna kidevu. "Basi kama ni mtu wa kutembea, akatembee vichanjani." Huku kahawa ikishaoshwa tunaianika juu ya vichanja virefu, na lazima mtu apite kutwa akiigeuza kwa mikono, ukungu ukishuka aifunike haraka. Wengine wanalalamika miguu. Elia ndiyo kwanza anaona raha!

Sikufichi, mwezi uliopita sindano ilikosekana na sauti zikarudi. Akasimama katikati ya vichanja akibishana na mtu asiyeonekana, wenzake wakasogea mbali. Nikajua kazi imekwisha. Nilimpeleka Karatu mjini kutafuta dawa, moyo ukiwa mzito. Huku nyuma mtu mmoja akaomba nafasi ile apewe shemeji yake. Waliokuwepo wameniambia Bwana Tluway alivyomjibu: "Mwenye malaria si tunamngoja? Na huyu tunamngoja." Elia alipopata nafuu alikuta vichanja vyake vipo. Siku hizi wenzake wanamwita kwenye sufuria ya uji saa ya mapumziko, na wanamtania kwamba atafika Ngorongoro kwa miguu bila kutoka shambani.

Mikono bado inamtetemeka kidogo, na kuna siku hasemi na mtu. Sikudanganyi kwamba amepona kabisa. Lakini asubuhi anaamka mwenyewe, anafunga koti lake, anatoka kabla yangu.

Nisalimie Baba, mwambie tumbaku yake naikumbuka. Msalimie shangazi Naomi anayetuombea kila Jumapili. Na mjomba Shila, fundi baiskeli, yule aliyesema Elia hatafaa tena kwa lolote, msomee barua hii taratibu asikie vizuri.

Elia amesimama hapa nyuma yangu nikiandika, maana kukaa hawezi. Kahawa ikiisha atakuja huko likizo, kisha atarudi kazini. Nimemwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema: "Mwambie Mama ashushe jembe langu, lile alilolificha darini nilipoumwa. Nikija nataka kumlimia."

Lishushe, Mama.

Binti yako,
Raheli