Hema la wagonjwa lililotoa masikio

Tumpe!! Shemeji yako Asukile kaniua leo!

Si aliagizwa anunue haraka hema la kujaza hewa, la kulaza wagonjwa wa korona hospitalini huku Rujewa? Leo mganga mkuu wa wilaya kaja kulipokea. Pampu ikawashwa, hema likavimba, likatoa masikio. MASIKIO, Tumpe!

Ni lile jumba la hewa la watoto kurukaruka. Sungura mzima, mdomo ndio mlango!

Mganga akauliza, "Asukile, mgonjwa atalala humu?"

Mume wangu, jasho linamtoka: "Mheshimiwa, humo hata akianguka haumii."

Haumii!! Watu hoi kwa kicheko, yeye nusura alie.

Basi bibi mmoja wa Kisangu, aliyelazwa mkekani barazani kwa kukosa kitanda, akajikongoja, akavua kandambili, akaingia.

"Nyie chekeni. Mimi mgongo unaniuma."

Kalala. Kicheko kikatukauka wote.